Sahani kwa Mkono wa Kushoto

Mwaka ule chuo cha ufundi cha kwetu kilipatana na hoteli moja ya Diani. Hoteli ilileta mwalimu na vyombo, chuo kikatoa darasa, na mafunzo yakashonwa kwa kipimo cha hoteli hiyo tu. Atakayefaulu ataajiriwa. Mdogo wangu alichaguliwa. Mimi niliacha shule darasa la saba, wazazi wetu walipofariki, nikawa nakaanga mahamri Kona ya Musa ili yeye asome. Kazi ya hoteli ndiyo tuliyokuwa tukiitazamia, wala hatukuwa na nyingine.

Sheria ya hoteli ilikuwa hii: sahani ya mgeni huwekwa kutoka upande wake wa kushoto, kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukae mgongoni. Kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu. Ukilazimika, pengine wa kulia una unga, unaomba radhi kwanza. Ndivyo mama alivyotulea, nami nikamlea mdogo wangu hivyo hivyo.

Jioni tulifanya mazoezi. Nilikaa kwenye kigoda, akanijia na sahani ya muhogo.

"Karibu, madamu."

"Madamu gani huyu anayenuka mafuta?"

"Usinichekeshe, nitakumwagia."

Aliniwekea kwa kushoto, halafu akanong'ona, "Niwie radhi, dada."

"Hapo ndipo watakapokuangusha. Usiombe radhi."

Mwisho akaweza.

Siku ya mtihani walezi tulialikwa, tukaketi nyuma ya ukumbi. Wakubwa wa hoteli walikaa mezani kama wageni, pamoja na mzee mmoja wa kamati ya chuo, amevaa kanzu nyeupe na kofia. Mdogo wangu aliwahudumia wakubwa wote vizuri. Alipomfikia mzee, akasita. Nikaona sahani ikihamia mkono wa kulia. Mkono ukapita mbele ya kifua cha mzee, kiwiko kikagonga bilauri, sahani ikainama, na mchuzi wa samaki ukamwagika kwenye kanzu.

"Si neno, mwanangu," mzee alisema. "Umenistahi."

Meneja, mtu wa bara, hakupaza sauti. "Mgeni ni mgeni, msichana. Hapa hakuna babu."

Hakuajiriwa. Alipewa cheti cha kuhudhuria, tukakizungusha kwenye hoteli nyingine. Wakatuambia mafunzo yale ni ya wenyewe, hawajui yalifundisha nini. Kutoka Tiwi hadi Msambweni jibu lilikuwa hilo.

Sasa anafua nguo za watu. Juzi alikuja na habari za wakala anayepeleka wasichana Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Alitaka ridhaa yangu, kwa kuwa mimi ndiye mzazi. Nawajua waliorudi kutoka huko, wakiulizwa hawasemi.

"Ngoja kidogo," nilimwambia.

"Ningoje nini, dada?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli. Kabla ya adhuhuri nilimpa ridhaa.