Kiti cha Nondo cha Zulmira

Zulmira Bertolazzi alikuwa fundi wa kuchomelea fremu za baiskeli huko Mooca, mtaa wa viwanda wa São Paulo. Mumewe alipofariki, watu walidhani atauza karakana. Alivaa miwani ya kuchomelea ya marehemu, akaendelea na kazi.

Mwaka 1954 akaja Odila Sarmento, msanifu majengo kijana, na mchoro wa kiti cha nondo nyembamba, zile za kujengea maghorofa, kikalio kikiwa cha kamba ya kusuka. Karakana saba zilikuwa zimeshamcheka.

Gervásio, mdogo wa marehemu, naye akacheka. "Shemeji, hiki kiti au tundu la kuku? Nondo huzikwa ndani ya zege!"

"Wewe ndiye uliyesema mwanamke hawezi kushika moto," Zulmira akamjibu. "Mkate unaoletwa na moto huohuo umeula miaka mingapi?"

Kiti cha kwanza alichochomelea Zulmira, Odila alikikalia mwenyewe. Miguu ikatawanyika kama ya ndama aliyezaliwa leo, naye akaenda chini pwaa! Akainuka machozi yakimlenga. Zulmira alikuwa ameshapiga magoti, akikagua palipoachia. Nondo zilikuwa nzima. Viungo ndivyo vilivyoshindwa. Kila mguu ulisimama kivyake, ilhali baiskeli humbeba mtu kwa pembetatu, si kwa unene wa bomba. Wiki nzima alikata, akakunja, akachomelea, mpaka kila mguu ukamshika mwenzake.

Maktaba mpya ya mji ilihitaji viti mia mbili, nao wakapeleka chao kishindanishwe. Siku ya kuchagua, wanakamati walipita wakipapasa viti vya mbao zinazong'aa. Mwenyekiti wao, bonge la mtu, akasimama mbele ya kile cha nondo.

"Fundi nani?"

"Mimi."

"Wewe, mama? Kitanibeba?"

"Keti, bwana. Ukitaka, jirushe."

Akaketi. Akajirusha. Akamwita na katibu wake, wakabanana wawili. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kiti kimetulia tuli.

Wakaagiza kwake vyote mia mbili.

Siku ya ufunguzi wa maktaba Zulmira alivaa gauni jekundu. Ukutani, chini ya mchoro wa kiti, kulikuwa na majina mawili, lake likitangulia.

"Jina langu la nini, mwanangu? Nimechomelea tu."

"Mama, mimi nilichora kiti cha kuanguka," Odila akasema. "Aliyekisimamisha ni wewe."

Zulmira akachagua kiti cha katikati ya ukumbi, akaketi, akakunja nne, akaagiza kahawa kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni.