Algae, mwani, utelezi

Leo nimemcheka mwanafunzi wangu mbele ya darasa, na hadi sasa naona aibu.

Nafundisha baiolojia kidato cha pili hapa Katandala. Somo lilikuwa algae. Nikaweka mezani jiwe lenye ukijani, nililolitoa kwenye tangi la maji la shule.

"Kwa Kiswahili hiki ni nini?"

Nilikuwa nasubiri mtu aseme mwani.

Akasimama Felista, binti aliyetoka Kabwe, kijiji cha kando ya ziwa. Tangu muhula uanze hajawahi hata kunyoosha mkono.

"Mwalimu, sisi kwetu tunaita utelezi."

Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, jamani.

Hakuketi.

"Unaota upande wa jiwe unaopigwa na jua. Chini ya jiwe hauoti. Na samaki wadogo wanakuja kuukwangua kwa meno. Nimewaona ziwani."

Kicheko kikakatika. Wiki mbili nzima nimeandika ubaoni kwamba algae hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na kwamba samaki huila. Wengine walinakili tu. Huyu alikuwa ameshayaona kwa macho yake.

Nikamwomba radhi palepale, wenzake wakisikia.

Akatabasamu kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo kwenye mtihani niandike utelezi?"

Nikamwambia hapana, mtihani ni wa Kiingereza, aandike algae, la sivyo atakosa maksi.

Akaketi. Hakusema tena neno hadi kengele ilipolia.

Walimu wenzangu, ninyi mngemjibuje?