Bure si ruhusa: mwanamke anayewatafutia jirani zake michezo ya kompyuta isiyoibwa

Mvua ya asubuhi imekatika, na maji bado yanachuruzika kutoka kwenye bati la kibanda cha fotokopi kilicho nyuma ya soko. Ndani, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi ameketi mbele ya kompyuta iliyovuliwa ubavu mmoja, nyaya zake zikiwa nje. Anacheza. Anamrusha sungura wa buluu juu ya kuta, anamwangusha shimoni kwa makusudi, anamfufua, kisha anamwangusha tena. Usoni hana dalili yoyote ya mtu anayejiburudisha.

"Nataka nijue ataanza lini kuniomba hela," anasema bila kugeuka.

Sungura anakufa tena, na safari hii kisanduku chekundu kinajitokeza kikimtaka anunue uhai mpya. Mwanamke anasonya na kuufuta mchezo wote.

"Huyu si wa bure. Huyu ni wa kuonjesha. Anakulambisha asali, halafu anakuuzia mzinga."

Mtaani wanamwita Bi Bure. Ana miaka arobaini na sita, na kazi inayomlisha ni kutoa nakala, kuchapa barua na kufufua kompyuta ambazo wengine wamezikatia tamaa. Kazi iliyompa jina ni nyingine: kutafuta michezo ya kompyuta ambayo walioitengeneza wameitoa wenyewe, kwa hiari yao, bila malipo, na kuifikisha kwa watu wasiojua pa kuitafuta.

Jina hilo amelichuma kwa taabu. Kiswahili kimelipa neno "bure" nyuso mbili: kisicholipiwa ni cha bure, na kisichofaa pia ni bure. Mtu bure ni mtu asiye na maana.

"Ubao wangu wa kwanza niliandika 'Gemu za Bure Hapa'," anakumbuka. "Mzee muuza makufuli akaja akausoma mara mbili. Akaniambia, 'Binti yangu, kama hazifai kitu, mbona unazitangaza?' Mume wangu naye akasema nimejitukana mwenyewe, tena kwa rangi ya mafuta."

Hakuubadilisha ubao. Anasema aliona heri watu waje kuuliza kuliko wapite kimya.

Leo, hata hivyo, utani haumkai mdomoni. Mchana huu anakwenda katika chumba cha mazoezi ya viungo cha hospitali ya karibu kuufuta mchezo alioupeleka yeye mwenyewe, mchezo ambao wagonjwa wa kiharusi wameutegemea kurudisha nguvu za vidole vyao. Mmoja wa wagonjwa hao ni shemeji yake.

Kabla hajafunga kibanda, anaingia mteja, muuza mitumba, amekumbatia kompyuta mpakato kama mtoto mchanga.

"Bi Bure, niwekee ile ya mpira, ile kubwa. Wanangu wamenitoa roho."

"Ile inauzwa, dada."

"Kule mbele wananiwekea kwa bei ya soda."

"Wakuwekee. Ila vitakavyoingia pamoja nayo usiniletee mimi nivitoe."

"Wewe nawe una mambo. Kwani mwenye gemu ataniona?"

"Mwenyewe hakuoni. Kirusi ndicho kinachokuona."

Mteja anacheka kwa shingo upande. Bi Bure anamfungulia mchezo mwingine wa mpira, uliotengenezwa na watu wanaojitolea. Mteja anaukodolea macho.

"Mbona vichwa vyao kama viazi?"

"Vya bure hivyo."

"Nimeona. Wanakimbia lakini?"

"Wanakimbia."

"Basi weka. Watoto wenyewe wanachotaka ni kupiga kelele."

Malipo anayochukua ni ya kazi ya kuweka na ya kuisafisha mashine, wala hayazidi bei ya vikombe viwili vya chai. Mchezo wenyewe hautozi. Kwa wiki nzuri, anasema, fungu hili humwezesha kulipia umeme wa kibanda na bando la intaneti, na hakuna kinachobaki. Nakala za vitambulisho ndizo zinazonunua unga.

Aliingia katika shughuli hii kwa mlango wa ufundi. Kompyuta nyingi zilizoletwa kwake zikiwa hoi zilikuwa zimebeba michezo ya wizi, na ndani ya michezo hiyo mlikuwa na virusi. Aliwasafishia wenyewe, nao wakarudi walikotoka, kisha wakarudi tena kwake. "Nilikuwa napiga deki huku bomba limepasuka," anasema. Akaanza kutafuta michezo ambayo angeweza kumpa mtu bila kumtegea mtego.

Alichokigundua ni kwamba ulimwengu wa michezo isiyolipiwa ni mpana kuliko alivyodhani, na kwamba una mipaka yake. Ipo ya kuonjesha, kama ile ya sungura. Ipo ya bure, ambayo kila mtu anaweza kuichukua kwa mwenyewe na kuicheza. Ipo ya ruhusa, ambayo mwenyewe amekubali kila aliyeichukua amgawie mwenzake. Na ipo iliyo huru, ambayo unaweza hata kuifungua, ukabadilisha maneno yake yakawa ya lugha yako, ukaitoa upya. Majina hayo ni yake. Masharti yenyewe huandikwa kwa lugha za kigeni, kwa maandishi madogo, naye huyasoma kamusi ikiwa wazi pembeni.

Ni katika mpaka kati ya bure na ruhusa alikojikwaa.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ni fundi wa kuchomelea mageti. Mwaka jana kiharusi kilimlaza, na aliponyanyuka mkono wa kulia ulikuwa umelegea. Katika chumba cha mazoezi alipewa mpira wa kufinya. Aliufinya kwa siku chache, akautupa chini ya kitanda, akasema hajawahi kulipwa kwa kufinya mpira na hataanza uzeeni.

Bi Bure alimtafutia mchezo wa sisimizi. Mchezaji huwaongoza sisimizi wabebao punje hadi kichuguuni kwa kubonyeza na kuachia polepole. Ukibonyeza kwa pupa, punje inaanguka. Ukitulia, wanapita. Hakuna saa inayokimbia wala sauti ya kukuzomea. Aliyeutengeneza ni mtu mmoja tu, katika nchi ya mbali, na katika ukurasa wake aliandika kwamba mchezo ni bure kwa wote. Shemeji aliupenda. Wagonjwa wenzake wakaudai. Bi Bure akaubeba kwenye flashi na kuuweka katika kompyuta zote sita za chumba kile, chumba kisicho na intaneti.

Wiki hii alirudi katika ukurasa ule kutazama kama kuna toleo jipya, akafungua maelezo ambayo mwanzoni hakuyafungua. Sharti lilikuwa jepesi na halina shaka: chukua kwangu, cheza upendavyo, usitoe nakala kumpa mwingine.

"Akili yangu ilishatafsiri 'bure', ikaridhika, ikafunga duka," anasema akiipanga flashi na waya mkobani. "Miaka yote nawaambia watu bure si ruhusa. Mimi mwenyewe nikapitiliza."

Njia ya hospitalini inapita kando ya karakana za mafundi baiskeli. Anatembea haraka, akiwaitikia wanaomsalimu kwa kuinua kiganja. Alikwisha kumwandikia mtengenezaji kuomba radhi na ruhusa, ila hakuona sawa nakala ziendelee kutumika wakati akingoja jibu.

Chumba cha mazoezi kina harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Shemeji ameketi kwenye kompyuta ya dirishani, ulimi umetokeza kidogo kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Maneno yake hutoka polepole tangu augue, lakini hayajapoteza makali.

"Shemeji. Nasikia umekuja kuninyang'anya."

"Nimekuja kufuta, shemeji."

"Ndiyo hiyo hiyo. Mwizi wa kistaarabu."

"Mwizi nilikuwa juzi. Leo nimekuja kurudisha."

"Mimi nilijua tu. Kaka yangu alioa askari."

Wagonjwa wawili wanacheka. Mtaalamu wa mazoezi, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, hacheki. Kwake hili si jambo la mzaha: anaeleza kwamba wapo wagonjwa waliokuwa wakikosa mahudhurio, na sasa hufika kabla mlango haujafunguliwa.

"Dada, huyo mtu yuko mbali," anamwambia Bi Bure. "Hatapungukiwa na kitu. Hawa wakikaa wiki mbili bila mazoezi, vidole vinajikunja."

Bi Bure anavuta kiti, anaketi.

"Najua vinajikunja. Huyu hapa nimemlisha uji kwa kijiko. Lakini yule hakusema msicheze. Amesema tupite mlangoni kwake. Mimi ndiye niliyewapitisha dirishani."

"Chumba hiki hakina intaneti. Mlango wake tutaufikiaje?"

"Ndiyo maana nimechelewa kulala jana, nikiwaza," anasema. "Nimekuja na mlango."

Anaitoa simu yake mkobani. Jana, kwa fedha alizokuwa ameziweka za kununulia wino wa mashine ya fotokopi, alinunua bando kubwa. Sharti la mtengenezaji linakataza nakala kupita mkono kwa mkono. Halimkatazi mtu yeyote kuuchukua mchezo kwenye ukurasa wenyewe. Kwa hiyo kila kompyuta itafutwa, itaunganishwa na intaneti ya simu, itafika katika ukurasa ule na kujichukulia mchezo, kana kwamba imebisha hodi yenyewe. Mashine sita, hodi sita. Kwa mtu mwenye haraka huo ni upotevu wa bando, maana mchezo ni ule ule. Kwa Bi Bure, ndio tofauti yote.

Kazi inachukua mchana wote. Mtandao wa simu unapanda na kushuka, na mara mbili upakuaji unakatikia njiani na kuanza upya. Shemeji anakataa kufanyiwa. Anataka kubonyeza mwenyewe kitufe cha kupakua, kwa kidole gumba cha mkono ule ule. Kidole kinatetemeka juu ya kipanya, kinateleza, kinarudi. Chumba kizima kinamtazama.

"Msinitolee macho," anasema. "Hata geti halichomelewi mkipiga kelele."

"Hatujasema neno, shemeji."

"Mnapumua."

Kidole kinashuka. Mstari wa kijani unaanza kutambaa. Mtaalamu wa mazoezi anageukia dirishani na kujishughulisha na pazia ambalo halikuwa na tatizo.

Mashine ya nne ikiwa bado inapakua, simu ya Bi Bure inatoa mlio. Ni mtengenezaji. Anausoma ujumbe kimya, kisha kwa sauti, akiutafsiri kadiri anavyokwenda. Mtu yule anashukuru kuambiwa. Anasema aliweka sharti lile kwa sababu kazi yake iliwahi kuchukuliwa, ikatiwa matangazo na kuuzwa kwa jina la mwingine. Hakatai, wala hajakubali. Anauliza: ni akina nani wanaoucheza huko, na wanaufanyia nini?

Bi Bure ana sababu ya kutaka jibu jema. Mtaalamu amemweleza kwamba zahanati tatu ndogo zinazopeleka wagonjwa hapa zina wanaohitaji mazoezi kama haya, na hakuna hata moja ambako simu hushika mtandao wa kutosha. Huko mlango hauwezi kubebwa mkobani. Huko, pasipo ruhusa ya kugawa, sisimizi hawafiki.

Anaanza kuandika, anafuta, anaanza tena. Mtaalamu anashauri aeleze kitaalamu, ataje misuli na mishipa. Shemeji anaunyoosha mkono wa kushoto.

"Lete simu."

"Utaandika nini?"

"Ameuliza nani. Mimi ndiye nani."

Anaiegemeza simu kwenye kiganja cha kushoto na kuandika kwa kidole gumba cha kulia, herufi moja moja, kwa Kiswahili. Anapokosea anarudi nyuma na kuanza neno upya. Hakuna anayemharakisha. Ujumbe ukikamilika, ni sentensi nne:

"Mimi fundi wa kuchomelea. Kidole hiki kilikufa. Sisimizi wako wamekiamsha. Haya nimeyaandika kwa kidole hicho."

Bi Bure anausoma mara moja. Hagusi hata nukta. Chini yake anaongeza tafsiri, kisha idadi ya zahanati, kisha ahadi kwamba haugawi mchezo popote mpaka ajibiwe. Anautuma na, mashine ya nne ikiwa imekwisha kupakua, anaiunganisha simu na mashine ya tano, kwa sababu kazi haijaisha.

Akikubaliwa, ana mpango. Atazifikia zahanati zile moja baada ya nyingine, akianza na ya mbali, na baada ya hapo atafungua ukurasa wa Kiswahili unaoeleza kwa maneno mepesi kila mchezo usiolipiwa una ruhusa gani, ili mtu mwingine asijikwae alipojikwaa yeye. Akikataliwa, anasema, atamshukuru mtu yule na kuendelea kutafuta mwingine aliyetengeneza kitu chenye subira kama kile.

"Cha mtu ni cha mtu," anasema. "Lakini naomba Mungu. Neno moja tu nalitaka kwake. 'Bure' alishanipa. Sasa aniambie 'gawa'."

Mashine ya sita inaanza kupakua. Nyuma yake shemeji amekwisha kurudi kwenye kiti cha dirishani, na punje ya kwanza inavuka.