Mkono wa Kushoto wa Fundi wa Rusinga

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sindano wala koti jeupe. Nilipewa kalamu mbili za wino mweusi, nikaonywa kwamba nikionekana na ufutio, au ile chupa ya rangi nyeupe ya kufichia makosa, nirudi dukani kwa baba yangu nikauze leso. Aliyenionya alikuwa Afisa Muuguzi wa utafiti katika hospitali moja mjini Migori, mama mrefu, mkavu, asiyecheka kabla ya chai ya saa nne. Mimi ndio kwanza nimetoka chuo cha uuguzi, viatu vipya vinanibana, na nilidhani utafiti ni darubini na panya.

"Ukikosea," aliniambia, "piga mstari mmoja juu ya kosa, mstari mwembamba, kosa lenyewe libaki linasomeka. Andika lililo sawa kando yake, tia sahihi na tarehe. Atakayekuja baada ya miaka kumi aone ulikosea wapi na ulijirekebisha lini."

Moyoni nilimwona mama mwenye makuu. Nyinyi wa siku hizi mnabonyeza tableti, nayo inakumbuka kila kitu kwa niaba yenu, kwa hiyo huenda mkaniona nami mwenye makuu. Hewala, nimezoea.

Jina langu Halima. Baba alitoka pwani akafungua duka Migori mjini, kando ya barabara ya Isebania, nami nikazaliwa nyuma ya duka hilo. Nyumbani tulisema Kiswahili, Kijaluo nikakiokota barabarani na wenzangu, na Kikuria nilijifunza kazini, kile cha kuombea maji na kuulizia njia. Wagonjwa wote waliniita Sista.

Utafiti wangu wa kwanza ulihusu malaria ya watoto. Kazi yangu ilikuwa kuchukua ridhaa, yaani kumweleza mzazi kila kitu kuhusu utafiti, faida na hatari zake, mpaka akubali au akatae kwa hiari yake. Asiyejua kuandika aliweka kidole gumba kwenye wino, na shahidi asiyekuwa mtu wetu alitia sahihi. Waliokataa tuliwashukuru na kuwatibu kama wengine. Hilo la kuwashukuru lilinichukua muda kulizoea, maana nilikuwa na hasira za karibu.

Kutoka hapo nilihamishiwa Kegonga, kwenye utafiti wa dawa za kifua kikuu. Kila asubuhi nilipita kwenye maboma ya wakulima kuhakikisha mgonjwa anameza vidonge vyake mbele yangu. Msimamizi wetu wa nyanjani alikuwa Mkuria mmoja mfupi, mwendo wake wa haraka, aliyeniacha nyuma kila mlima nikihema. Siku moja nilijaza kwamba mgonjwa amemeza dawa kwa sababu mkewe aliniambia hivyo. Msimamizi alipojua, alinirudisha kilomita zote zile kwa miguu. Mgonjwa alikuwa amevificha vidonge chini ya godoro kwa sababu vilimtia kichefuchefu. Njiani msimamizi alinena neno moja tu, nami nikalishika maisha yangu yote: "Usiandike ulichoambiwa. Andika ulichokiona."

Neno lile ni zuri. Ndilo pia lililonitia matatani.

Utafiti wangu mkubwa, ule ninaotaka kuwasimulia, ulikuwa wa kiharusi. Kiharusi ni mshipa wa damu kichwani kuziba au kupasuka, na upande mmoja wa mwili ukapooza. Watu wengi kwetu walisema mtu karogwa, wakamlaza kitandani na kumlisha kama mtoto. Sisi tulitaka kujua ni njia gani ingemrudisha kwenye shughuli zake. Upande wa Migori wagonjwa waliletwa hospitalini kufanya mazoezi kwa mtaalamu wa viungo. Upande wa Homa Bay mazoezi yaliwafuata nyumbani: mtaalamu alimfundisha ndugu mmoja, na ndugu huyo akamfanyisha mgonjwa kila siku. Wazee wengi hawakuwa na namna ya kufika hospitalini, kwa hiyo nilikuwa naombea ile ya nyumbani ifaulu, ingawa mpimaji hatakiwi kuombea chochote.

Mimi nilikuwa mpimaji wa upande wa Homa Bay. Kila baada ya miezi miwili nilifika kwa mgonjwa na orodha ya shughuli za kila siku: kuvaa, kuoga, kutembea, kula. Asiyeweza kabisa nilimpa sufuri, anayeweza kwa kusaidiwa moja, anayeweza mwenyewe mbili.

Kati ya wagonjwa wangu alikuwepo Mzee Odera, fundi cherehani wa Rusinga. Nusu ya watoto wa shule kisiwani walivaa sare alizozishona. Kiharusi kilimpata akiwa amekaa kwenye mashine, kikamwachia upande wa kulia umekufa, mkono hasa. Aliongea vizuri tu, tena kwa utani. Mkewe, Mama Risper, ndiye aliyefundishwa kumfanyisha mazoezi. Cherehani ilifunikwa kwa shuka pale sebuleni, na kila nilipoingia mzee aliitazama kwanza kabla ya kunitazama mimi.

Kila nilipokwenda nilikaribishwa chakula, maana kwao mgeni haondoki na njaa. Tuliletewa ugali na samaki, Mama Risper akamkatia mzee tonge na kumtia mdomoni, nami nikashuhudia na kuandika: kula, sufuri. Ziara ya kwanza sufuri. Ziara ya pili sufuri. Nilikuwa naandika nilichokiona.

Hali ilikuwa hivyo kwa wagonjwa wangu wengi. Wenzetu wa Migori walileta mbili mbili. Mtafiti Mkuu, daktari aliyekaa Nairobi na kuja kwetu mara chache, alituita kikao akasema mazoezi ya nyumbani hayafui dafu, na baada ya ziara ya tatu yatasimamishwa. Nilitoka nikiwa nimenyong'onyea. Nilimfikiria Mzee Odera, atakayeachwa na mkono wake na shuka lake juu ya cherehani.

Ziara ya tatu nilivuka daraja la Mbita asubuhi na moyo mzito. Mambo yakawa yale yale, tonge mdomoni, sufuri kwenye fomu. Nilipokuwa napanga vitu vyangu mzee aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama fomu inasema atapona. Mwanawe alikuwa anakuja Jumamosi kuchukua cherehani aipeleke kwake Migori, kama baba yake hataitumia tena. Nilisema maneno ya kinesi, yale yasiyosema kitu, nikaaga.

Nilifika karibu na barabara kabla ya kukumbuka mashine ya presha. Nilikuwa nimeiacha juu ya kiti. Nikarudi, nikapiga hodi huku ninaingia, kama mtu aliyeaga sasa hivi.

Mzee Odera alikuwa anakula. Peke yake. Mkono wa kulia ulilazwa juu ya ukingo wa sahani kama jiwe, kuizuia isiteleze, jinsi mtaalamu wetu alivyofundisha. Kwa mkono wa kushoto alikata tonge, akalibonyeza, akachovya mchuzi, akala. Hakumwaga hata tone. Aliponiona aliuficha mkono ule chini ya meza, na uso wake ukasawijika kama aliyekutwa uchi.

Nilimuuliza amekuwa akila mwenyewe tangu lini.

"Tangu mwezi ya pili ya hii mazoezi," alisema. "Lakini mbele ya mgeni, Sista? Na mkono ya choo? Mimi ni mtu mzima. Siwezi kukufanyia hiyo madharau."

Mama Risper alisimama mlangoni akasema amemwambia mara nyingi, mzee hataki, mgeni akitokea anaomba kulishwa.

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Nimelelewa katika nyumba ambayo ukigusa sahani kwa kushoto, unapigwa mwiko vidoleni. Katika ziara tatu halikunipitia akilini hata mara moja kuuliza habari za mkono wa kushoto. Angekuja mzungu asiyejua lolote angeuliza siku ya kwanza: na huu mwingine je? Ni sisi tu, wenye adabu zetu, mimi na wao, tulioweza kukaa meza moja tukafichana jambo lile bila yeyote kusema uongo. Hospitalini Migori hakukuwa na mwenyeji wala mgeni, mtaalamu akikwambia kula kwa kushoto unakula. Kule nyumbani mimi nilikuwa mgeni, na mgeni anastahiwa.

Nilitoa fomu ya siku ile. Nikapiga mstari mmoja juu ya sufuri, nikaandika mbili, sahihi, tarehe. Lakini zile za nyuma sikuweza kuzigusa, maana sikuwa nimeona, na wagonjwa wangu wengine waliopooza kulia walikuwa wengi.

Kijasho kilinitoka njia nzima mpaka Homa Bay. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha, na hapa nakwenda kumwambia bosi kwamba nimepima vibaya ziara zote tatu. Mratibu wa utafiti alikuwa daktari mwanamke, mpole wa maneno lakini mkali wa macho. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

Akauliza ni wangapi. Nikasema sijui, wote waliopooza kulia nawatilia shaka.

"Ungenyamaza, hakuna ambaye angejua," alisema.

"Mzee angejua," nikamjibu.

Alivuta kiti. "Basi kaa, tuandike."

Tuliandika ripoti ya kuacha utaratibu, ambayo ni barua ya mtafiti kujishitaki mwenyewe, ikaenda kwa Mtafiti Mkuu na kwa kamati ya maadili. Wiki ile chakula nilikirudisha jikoni kama kilivyo. Jibu lilipokuja, mratibu alinisomea mwenyewe. Alama za zamani zibaki zilivyo na maelezo kando, mazoezi ya nyumbani yasisimamishwe, wagonjwa wote wapimwe upya, na mkaguzi kutoka Nairobi ashuhudie. Jina langu lilitajwa mara moja, kwamba ndiye aliyegundua. Niliomba ruhusa nikaenda msalani nikalia, na nilipotoka nilikula sahani mbili za wali.

Nyumba ya kwanza ilikuwa kwa Mzee Odera. Mwanawe aliambiwa angoje, cherehani ikabaki. Mkaguzi, kijana wa tai na faili, alikaa na fomu yake. Chakula kikaja. Mzee akauficha mkono. Nilimbembeleza, mkaguzi akamweleza kwa heshima zote kwamba ni kipimo tu, mzee akatikisa kichwa. Afadhali aandikwe sufuri.

Nikaomba maji. Nikanawa mkono wa kushoto. Wa kulia nikaukalia. Marehemu baba anisamehe, nikakata tonge kwa kushoto mbele ya watu, likanipasukia, nusu ikaangukia mapajani. La pili likaniponyoka kabla ya kufika kwenye mchuzi. La tatu nilijipaka puani. Mkaguzi aliangalia dari.

Mzee alinitazama kwa huruma, halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Sista, unakula kama mtoto," alisema. "Angalia mimi."

Akautoa mkono, akanifundisha. Dole gumba hivi, ubonyeze hivi, usikimbize. Tulimaliza samaki wawili tukiwa tumekaa hivyo, na mkaguzi akaandika mbili kwa wino mweusi. Kwa nyumba zote zilizobaki nilifanya vile vile, nikala kwa kushoto kutoka Mbita mpaka Ndhiwa, na kufika mwisho nilikuwa simwagi tena. Matokeo yalipojumlishwa, ya nyumbani yalikaribiana sana na ya hospitalini. Mazoezi yale mpaka leo yanafundishwa kwa ndugu wa wagonjwa huku kwetu, na mkiyakuta mjue yaliponea wapi.

Nimestaafu mwaka huu. Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Nawakumbuka wagonjwa, fomu siziwazii hata kidogo. Nimeshukuru kuiacha salama, bila mtu aliyeumia kwa kosa langu, maana kosa nililifanya na lilikuwa kubwa. Vijana mnaoingia utafiti huu, nawaomba kitu kimoja. Andikeni mlichokiona, ndiyo, lakini kwanza mjiulize mwenyeji anawaficha nini kwa kuwaheshimu, na nyinyi mnaogopa kumuuliza nini kwa sababu hiyo hiyo.

Siku ya kuniaga, wakubwa walihutubia kwa zamu katika ukumbi mmoja pale Homa Bay, nami nikasinzia kidogo. Kisha nikamwona Mzee Odera anakuja mbele polepole, mguu wa kulia ukiburuta, na karatasi ya kaki kwapani. Ndani yake mlikuwa na gauni, kitambaa cha zambarau, amelikata na kulishona mwenyewe. Hakuomba radhi wala hakutafuta mtu wa kumsaidia. Alinipa kwa mkono wa kushoto, mbele ya ukumbi mzima, na watu wa safu ya mbele wakageuka kutazamana.

Nilihamisha mkoba wangu kwenda mkono wa kulia, nikalipokea kwa kushoto. Nilipofika nyumbani niliugeuza upindo nikautazama kwenye mwanga wa dirisha, mshono kwa mshono. Ulikuwa umenyooka.