Mbegu za Manjano za Baba Mkwe

Siku nilipovunja manjano ya baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza naiona hadi leo, mwanangu. Nilikuwa mke mpya hapa Masukulu. Ninyi siku hizi mnakula na wakwe zenu meza moja, mnawaonyesha picha kwenye simu. Kwetu sisi Wanyakyusa wa wakati ule, mke wa mtoto hakutazamana na baba mkwe wake. Nikisikia kikohozi chake njiani, naingia migombani najificha mpaka apite. Usicheke, ndivyo tulivyoheshimiana.

Yeye alichimba manjano asubuhi. Akishaondoka, naingia mimi kuyabeba. Nikakuta mafungu mawili: moja kubwa, na jingine dogo ambalo kila shina limefungwa kamba ya mgomba. Nikavunja kidole kimoja cha manjano ya fungu kubwa, ndani pamepauka. Nikavunja cha shina lililofungwa. Mwanangu, rangi yake ilikuwa kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na harufu ikanipanda puani nikasimama palepale. Shamba lilikuwa moja, na mvua ileile.

"Hayo hatupiki," mama mkwe aliniambia. "Hayo ni mbegu. Baba yenu tangu ujana wake anachagua shina zito lenye rangi iliyokolea, analirudisha ardhini. Sisi tunakula yanayobaki."

Manjano hupandwa kwa vipande vyake yenyewe. Ulichokizika ndicho utakachochimba. Mtu mmoja alikuwa akiyabadilisha manjano ya shamba zima kidogo kidogo kwa kuvunja na kutazama tu, mavuno baada ya mavuno. Niliona ajabu, na bado naona ajabu.

Kisha macho ya mzee yakaanza kuingia ukungu. Msimu mmoja nikavunja yaliyofungwa, nikakuta yaliyopauka yamechanganyika na mazuri. Wanawe walikuwa na mashamba yao ya chai na migomba, hakuna aliyeijua kazi ile. Yakipandwa hivyo, kazi ya maisha yake inapotea, naye hajui. Kumwambia siwezi, maana hata kumwita siruhusiwi. Na kufungua kilichofungwa na baba mkwe kulikuwa utovu wa adabu wa kutosha kunirudisha kwetu Kyimo.

Nikafungua. Nikayatoa yaliyopauka, nikatafuta mazuri kwenye fungu kubwa, nikayafunga mahali pake. Halafu nikamwambia mama mkwe kila kitu amfikishie mzee, nikaenda kujificha jikoni.

Nilimsikia mzee nje akivunja kidole kimoja na kunusa, muda mrefu. Akavunja kingine. Asubuhi nikakuta kamba zake zote za mgomba zimewekwa kwenye kizingiti cha jiko langu.

"Baba anasema ndaga fijo," mama mkwe akanieleza, yaani asante sana kwa lugha yetu. "Anasema kuanzia leo utafunga wewe."

Nikafunga mpaka alipofariki. Watu walikuja hadi kutoka Kawetele kuomba mbegu, tukawapa. Uso wake niliutazama sawasawa siku ya msiba, alipolazwa ndani, na nilishangaa kwamba mtu aliyenifundisha mengi kiasi kile nilikuwa siijui sura yake. Nililia sana.

Basi wewe unayeanza shamba lako, usidanganywe na ukubwa. Vunja, tazama, nusa. Shina lililo zuri kuliko yote lirudishe ardhini, hata kama mgeni yuko mlangoni na mchuzi uko motoni. Na ukiona kazi ya mkubwa wako inaharibika, usingoje kuitwa. Ishike kwa heshima, hata kama unaogopa.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe mavuno mazito na umri mrefu, na siku utakapoanza kukosea bila kujua, akuletee mtu anayekupenda vya kutosha kukusahihisha.