Usukani Mlangoni

Nakumbuka alasiri ile, Kemunto mwanangu, kwa sababu mvua ya Gesima ilikuwa ikipiga paa, na babu yako alikuwa amesimama nje ya mlango wangu akikataa kuingia.

Najua nasaha huandikwa na watu wenye mvi. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe, na wewe bado unalala na kidole mdomoni. Lakini sitaki kungoja uzee. Nikizeeka huenda nikayalainisha haya, na mimi nataka uyapate yakiwa bado na ncha.

Baba yako, Ombati, ni fundi wa ndege katika uwanja mmoja huko Uarabuni. Likizo moja alirudi nyumbani na kichaa chake: ndege ndogo ya kujiundia. Ndege hizi huuzwa kwa vipande, na wengi huanza na mkia, maana ni mdogo na ukiuharibu hujaharibu ndege nzima. Kreti la mbao likafika hadi kwetu, katikati ya mashamba ya majani chai, limejaa mabati membamba ya alumini, mbavu za kuyakaza na mifuko ya ribiti, vijipini vya kuunganishia mabati, ndogo kama punje za mtama. Tukaanza pamoja, sebuleni, mimi na shahada yangu ya uhandisi ambayo haikuwa imenipatia kazi, yeye na mikono yake. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda wiki zile, akiwa na vumbi la alumini kwenye nyusi.

Likizo ilipokwisha, kilikuwa kimebaki kipande kimoja, usukani. Ndicho kile cha nyuma kabisa kinachogeuza pua ya ndege kushoto na kulia.

"Malizia usukani," aliniambia akipakia mkoba wake. "Ukiisha nitumie picha. Nikiiona, nakuja tuagize mabawa."

Nikayashika maneno hayo kama ahadi iliyotiwa sahihi. Kwangu usukani haukuwa tena kipande cha ndege. Ulikuwa siku ya baba yako kurudi.

Shida ni kwamba kupiga ribiti ni kazi ya watu wawili. Mmoja anapiga kichwa cha ribiti kwa bunduki ya upepo. Mwingine, upande wa pili wa bati, anashikilia chuma kizito ili mguu wa ribiti ujibonde juu yake na kukaza. Bati la usukani ni pana, na mikono ya mtu mmoja haiwezi kulizunguka. Nyanya yako alijaribu siku moja, bunduki ikalia, akatupa chuma na kuliitia jina la Bwana. Akina mama waliopita wakirudi kutoka kupima chai walikuwa na maoni yao.

"Mama Kemunto, mkia peke yake utaruka wapi?"

"Utaruka kinyumenyume," akajibu mwenzake, "mpaka Uarabuni ukamchukue mwenyewe!"

Nilicheka nao hadi wakapita kona. Halafu niliingia ndani nikakaa chini kando ya kreti, na sikucheka tena siku hiyo.

Alibaki babu yako, baba yake Ombati. Wewe utakua ukijua, lakini mimi nililelewa Kisii mjini, karibu na Daraja Mbili, ambako watu hubanana bila kuulizana ukoo, kwa hiyo nilijifunza nikiwa mtu mzima: kwetu Abagusii, mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Na kati yake na mkamwana wake hakuna kushikana mikono, hakuna kuketi pamoja, hata macho hayakutani sana. Tunaiita chinsoni. Ni heshima yenye haya ndani yake.

Alasiri ile alikuwa amekuja kuuliza kelele zilikuwa zimekoma kwa nini. Nikamweleza.

"Tata, basi ingia unisaidie," nikasema, nikimwita baba kwa Kigusii. "Mvua hii yote, nani atakuona?"

"Mimi nitajiona."

"Hiyo sheria ilitungwa kabla ya ribiti."

"Na kabla yako pia."

Nikamhutubia. Unanijua, au utanijua. Nilimuuliza sheria hiyo inamlinda nani, nani aliiweka, mbona tumeacha nyingine nyingi na hii imebaki, na kama Mungu wa Sabato yake aliwahi kuitaja. Alinisikiliza hadi mwisho, maji yakitiririka kutoka ukingo wa kofia yake.

"Mama Kemunto," akasema polepole, akitazama kizingiti, "umesoma, na unauliza vizuri. Lakini kila swali lako linataka kwanza mimi niwe mtu mwingine. Niulize moja linaloniacha nilivyo."

Nilikasirika. Nilitafuta jibu la kumzima nalo, na nilipokuwa nikilitafuta macho yangu yakatua kwenye fremu ya mlango. Nikaupima upana wake kwa macho. Hasira ikapoa bila ruhusa yangu.

"Tata, mkono wako unaweza kufika wapi bila mguu wako kuvuka?"

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. "Sasa hilo," akasema, "ni swali."

Tulilisimamisha bati katika fremu ya mbao, tukaliweka mlangoni kama pazia gumu. Yeye alikaa kwenye kigoda barazani, chini ya paa, upande wenye mbavu, chuma mkononi. Mimi nilikaa ndani na bunduki, wewe mgongoni, pamba masikioni mwako na kitambaa juu yake. Akiwa tayari, aligonga bati kwa kidole. Nami nikapiga.

Ribiti za kwanza zilipinda, tukazitoboa na kuanza upya.

"Unapiga kama mtu anayefukuza ng'ombe shambani," sauti yake ikasema kutoka ng'ambo.

"Na wewe unashika kama mtu anayepokea sadaka."

Nyanya yako alikuwa akipita na mkungu wa ndizi. Akasimama. "Miaka yote mnasalimiana mkitazama chini, leo mnatukanana?"

"Hatujaonana bado," akajibu mzee.

Tukaendelea hivyo kila siku isipokuwa Sabato. Sauti ya ribiti ikawa nzito na safi. Na jambo moja sikulitarajia: mzee ambaye hangeweza kunitazama aliweza kuzungumza na bati. Alinisimulia alivyopanda chai ile akiwa kijana, na jinsi Ombati alivyopanda mparachichi kutazama ndege ikipita, akaanguka, akaamka akiitazama bado. Nami nilimwambia mambo ambayo hata mama yangu mzazi sikuwa nimemwambia.

Siku moja, tukiwa tumekaribia ukingo wa mwisho, chuma kilitulia na kidole hakikugonga.

"Akikupigia simu," akasema, "huwa ananiulizia?"

Mwanangu, nimejiona siku zote kuwa mtu wa kusema kweli, na sikuwahi kujua uzito wake hadi hapo. Lilikuwa jambo rahisi kudanganya. Hangeona uso wangu.

"Hapana, Tata," nikasema. "Na mimi pia siku hizi ananiulizia kidogo. Anaulizia usukani."

Maji yalidondoka kutoka paani. Nilidhani ameondoka. Kisha kidole kikagonga bati, polepole, nami nikapiga.

Usukani ulipokamilika, niliusimamisha uani kwenye jua na kutuma picha. Jibu lilikuja jioni. *Safi sana. Nimeongeza mkataba. Mabawa tutaona.*

Nilimsomea babu yako nikiwa mlangoni, yeye uani. Hakukuwa na kitu kati yetu sasa, kwa hiyo akatazama chini kama ilivyo desturi, na mimi nikatazama migomba. Nililitamani lile bati. Nilimtamani baba yako hadi meno yakaniuma, na nililitamani lile bati.

"Kuna kipande kingine?" akauliza.

"Hakuna, Tata. Mkia umekwisha."

Akafikiri. "Mabawa yakija yatahitaji meza?"

"Ndefu sana. Haitaenea ndani."

"Basi ni ya nje," akasema, akaenda kutafuta msumeno.

Tunaiunda meza hiyo sasa, yeye upande wake na mimi wangu. Mabawa hayajaagizwa, na sijui kama baba yako atarudi. Nimeacha kukwambia anakuja mwezi ujao.

Basi nasaha yangu ni hii. Uliza, Kemunto. Usikubali mtu akuzibe mdomo kwa kuwa jambo ni la kale. Lakini ukishauliza kwa nini, usisimame hapo ukijiona umeshinda. Uliza pia mtafanyaje kazi na mtu huyo akiwa hivyo alivyo. Usifanye kazi ya mikono yako kuwa chambo cha kumvuta mtu. Nilifunga kurudi kwa mume wangu kwa ribiti, na ribiti hufunga bati tu. Na ukimtamani aliye mbali, mtamani waziwazi, usione aibu. Ila sikiliza, kwa sababu karibu nawe huenda yupo mwingine anayemtamani yuleyule na hana pa kusemea.

Mungu akupe akili isiyolala, mwanangu, na mikono isiyoingojea simu ilie. Na kila utakapokuwa na kazi isiyowezekana kwa mtu mmoja, akujalie mtu wa upande wa pili, atakayegonga kukujulisha kwamba bado yupo.