Baada ya "Salama Tu"

Siku yangu ya kwanza kwenye kambi ya barabara, Tezo, nilivaa buibui jipya, na hadi adhuhuri vumbi lilikuwa limenigeuza msaga unga. Nilikuwa nimefundisha sekondari Malindi miaka mingi. Sasa Wachina waliokuwa wakijenga barabara hiyo walitaka mkalimani, ambaye pia angewafundisha wahandisi wao Kiswahili. Mkubwa wangu, Bwana Chen, alikuwa mhandisi mkaazi, yaani yule anayelala kambini na kuulizwa kila kinachoharibika. Kijana mpole, lakini mbio! Hata salamu alizipitia kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Asubuhi moja Kazungu, nyapara wa vibarua, alinikuta mlangoni mwa ofisi. Mkewe alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto hatoki, na mkunga ametaka apelekwe hospitali Kilifi upesi. Gari la karibu lilikuwa la kambi tu. Tukaingia kuliomba.

"Habari za nyumbani, Kazungu?" akauliza Bwana Chen.

"Nzuri, bwana. Salama tu. Hamna neno."

"Vizuri sana!" Akavaa helmeti, huyo, akatoka.

Lo! Kazungu akaduwaa. Nikapaza ile sauti niliyokuwa nikiwaitia watoro wa darasani: "Bwana Chen! Rudi! Hajamaliza!"

Akarudi. "Si amesema hamna neno?"

"Ndivyo tunavyoanza. Kwetu hatumtupii mtu shida usoni. Kwanza salama, kisha 'ila'. Wewe ngoja 'ila'."

Akamgeukia Kazungu, akanyamaza. Kazungu akasema: "Ila mke wangu anajifungua, bwana, na mtoto hatoki. Naogopa."

Dereva hakungojewa. Bwana Chen aliendesha mwenyewe, tukampitia mke wa Kazungu nyumbani, mimi na Kazungu nyuma tumemshika mgonjwa hadi Kilifi. Mama na mtoto walipona, alhamdulillahi.

Kesho yake darasani sikufungua kitabu. Niliwaeleza wahandisi kuwa "hamna neno" husemwa na mwenye jeraha, mwenye njaa, hata aliyefiwa. Analipunguza jambo ili mwenzake asishtuke.

Bwana Chen akainamisha kichwa. "Mama yangu husema hivyo kwa Kichina, kila nikimpigia simu," akasema. "Nami humwamini." Akaomba ruhusa, akatoka kumpigia. Nilimwonea huruma, mtoto wa watu.

Baada ya hapo kambi nzima ikajua kungoja. Wengine walipitiliza, wee! Ukiwajibu salama, wanakutumbulia macho mpaka uzue shida.

Ninyi mnaoanza ukalimani, maneno mtayajua tu. Jifunzeni kungoja.

Siku niliyostaafu walinipikia biriani. Mume wangu alikuwa ameshafariki, na wanangu wote wako mbali. Bwana Chen alinibebea mkoba hadi getini.

"Shikamoo, Mwalimu. Habari za kwenda kupumzika?"

"Marahaba, mwanangu. Njema. Salama tu."

Safari hii hakusema "Vizuri sana!" Aliuweka mkoba chini, akasimama pale juani, kimya, akinitazama.

"Ila nyumbani hakuna mtu," nikasema, na machozi yakanitoka.